Mzigo usio na mpokeaji: barua ya wazi kuhusu maktaba za Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia utamaduni, na kwa Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti.

Assalaam alaykum, na salamu za heshima kwa wote.

Mimi ni karani mstaafu wa klaringi, ile kazi ya kutolea watu mizigo bandarini, mkazi wa Kisauni. Kwa miaka thelathini na ushei nimelea watoto kwa makaratasi ya bandari ya Kilindini. Mtu wa kazi yetu akikabidhiwa hati ya shehena, hatazami kwanza mzigo ni nini wala umetoka wapi. Jicho lake huenda kwenye jina la mpokeaji. Mzigo wenye mpokeaji utatoka, hata ukichelewa. Usio na mpokeaji utalala bandarini, storeji, yaani ada ya kulaza mzigo, ihesabike siku kwa siku, na mwisho wake ni mnada. Nawaandikia kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba sadaka ya kitabu katika mji huu ni mzigo wa namna hiyo. Watoaji wapo. Pale panapotakiwa jina la mpokeaji pako wazi.

Mwaka juzi nilifiwa na rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili aliyefundisha hadi sauti ikamkauka. Watoto wake wako mbali, na vitabu vyake walishindwa kuvitupa na walishindwa kuviweka. Wakaniomba nivitafutie mahali. Zikatoka katoni nne: kamusi, riwaya, diwani, vitabu vya sarufi alivyoviandika pembeni kwa penseli. Nilizipakia kwenye tuktuk nikazipeleka kwenye maktaba moja ambayo sitaitaja. Kijana niliyemkuta alikuwa mwenye adabu sana. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniambia mkubwa yuko mkutanoni, kwa hiyo niziache pale chini ya ngazi. Nikamuomba risiti. Akanitazama kama niliyemwambia fumbo.

“Risiti ya nini, mzee? Si umetoa bure?”

Nilirudi baada ya miezi mitatu. Katoni tatu zilikuwa pale pale chini ya ngazi, ya juu imelowa mvua. Ya nne ilikuwa imewekwa kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Nilizipakia tena kwenye tuktuk, na hakuna aliyeniuliza nazipeleka wapi. Simlaumu yule kijana. Hakuwa na daftari la kuandikia, hakuwa na fomu, na hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza kuja siku moja na katoni. Bandarini hata kopo la rangi lililotoboka lina karatasi yake.

Msije mkaambiwa kwamba watu wa Mombasa hawatoi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo huo kwetu haukuanza jana. Wanaosimulia historia ya maktaba za umma nchini huanzia hapa: mwaka 1903, maktaba na chumba cha kusomea bila malipo, vilivyobeba jina la Seif bin Salim, wa ukoo wa maliwali, magavana wa Sultani. Ilikuwa zawadi ya mtu. Nairobi ilingoja hadi 1931 ndipo ikapata jengo la McMillan, nalo vilevile ni zawadi, mjane akimkumbuka mumewe, ingawa Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mle ndani kusoma hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Kile chuo ambacho sisi wazee bado tunakiita MIOME, leo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilianza kupokea wanafunzi 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan na ya Mabohora. Fort Jesus ilikuwa jela hadi 1958. Fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ndizo zilizosaidia kuigeuza makumbusho, ikafunguliwa 1960, na leo watalii wanalipa kuingia mahali ambapo watu walikuwa wakiomba kutoka.

Hayo ni ya wakubwa. Ya wadogo yako kwenye simu. Mtu akilazwa hospitalini Makadara leo asubuhi, kufikia magharibi kundi la WhatsApp limeshafunguliwa. Ukituma shilingi mia mbili kwa M-Pesa, kabla hujaiweka simu chini jina lako limeshaingia kwenye orodha, namba 47, jumla imebadilishwa, na mweka hazina amekuombea dua. Shughuli ikiisha anatoa hesabu: dawa kiasi hiki, gari kiasi hiki, kilichobaki amekabidhiwa fulani mbele ya fulani. Hakuna sheria inayomlazimisha. Anajua tu kwamba asipofanya hivyo, mchango wake ujao hatapewa hata ndururu. Waheshimiwa, mama huyo mwenye simu iliyopasuka kioo anatoa risiti kuliko ofisi nyingi nilizopita katika maisha yangu. Ninachowaomba katika barua hii ni mfano wa mama huyo, ila kwa maktaba.

Najua mtaniambia mambo ya maktaba ni kazi ya Nairobi. Sivyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezitaja maktaba kati ya kazi za kaunti, fungu moja na makumbusho. Mzigo ni wenu. Ila Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 207, inataka pesa zote zinazopokelewa na serikali ya kaunti ziingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa na sheria ya Bunge. Mwenye duka la vitambaa pale Biashara Street hajaisoma ibara hiyo, lakini anaijua maana yake vizuri: shilingi yake ya vitabu itamwagwa pipa moja na ada za kuegesha magari, na huko ndani nani ataitambua? Ndiyo maana akiulizwa kuhusu maktaba anatikisa kichwa, kisha anatoa elfu tano kwa madrasa ya jirani.

Njia ya halali ipo, na ninyi mnaijua kuliko mimi. Kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko maalumu, akishapata idhini ya kamati tendaji na ya Bunge la Kaunti. Anzisheni mmoja kwa ajili ya maktaba peke yake. Wasimamizi wake wasiwe watu wa kaunti watupu: awepo mkutubi aliyesomea kazi hiyo, mhasibu asiyetafuta kura, mwalimu, na kijana mmoja anayekaa kwenye viti hivyo kila siku na anajua ni kipi kilichovunjika mguu. Uwe na namba yake ya M-Pesa, na orodha ya walichotoa watu na kilichonunuliwa ibandikwe mlangoni mwa kila maktaba kila mwezi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mkaguzi Mkuu atakuja kwa wakati wake. Sisi wa mlangoni tutasoma kila siku.

Nimefanya hesabu ya karani. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii. Tuseme ni mtu mmoja tu katika kila mia moja atakayekubali kutoa shilingi mia kwa mwezi, bei ya mahamri na mbaazi za asubuhi mbili tatu. Hao ni watu elfu kumi na mbili na kidogo, na kwa mwaka wanakusanya zaidi ya shilingi milioni 14. Haijengi maktaba Mombasa nzima. Lakini ni vitabu vingi, ni viti vingi, na ni watu elfu kumi na mbili ambao mkijaribu kuigeuza maktaba kuwa ofisi ya kitu kingine watakuja kuwauliza.

Sasa nifike penye uzito. Zawadi bila matunzo hufa. Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma wa Marekani aliyezaliwa Uskoti, fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, na hakutoa kiholela. Mji uliomwomba ulitakiwa utoe kiwanja, kisha uahidi kutenga kila mwaka, kutoka kodi zake wenyewe, asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa mishahara na matengenezo. Mji uliokataa kuahidi ulirudi mikono mitupu. Alielewa kwamba kujenga ni sherehe ya siku moja na kulipa umeme ni kazi ya kila mwezi, na kwamba binadamu wanapenda sherehe.

Sisi hatuhitaji kujifunza hilo kwa Carnegie, kwa kuwa tuna neno lake tangu enzi: wakf. Asili haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, kinacholiwa ni matunda yake. Mtu anaweka duka lake wakf, na kodi ya duka inanunua mikeka na kulipia maji ya msikiti kizazi baada ya kizazi, hata jina lake likiwa limesahauliwa na wote ila Mola wake. Mafakihi husema sharti la mwenye wakf ni kama nassi ya sheria: akisema ya mikeka, huwezi kununulia gari la imamu. Tume ya Wakf ya Kenya ina makao yake papa hapa mjini, kwa hiyo elimu ya jambo hili haihitaji kuagizwa kwa meli. Katika hadithi mashuhuri ya mambo matatu yanayombakia maiti, mawili ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye manufaa, na mimi kwa ufahamu wangu mdogo naona maktaba ni yote mawili kwa mkupuo mmoja. Ndugu zetu wa kanisani, waliozoea kutoa zaka, hawatahitaji maelezo marefu. Naongea na wazee wawili, kila mmoja ana nyumba zaidi ya moja na watoto walioko Ulaya wasiotaka kurudi, na wote wawili wameniuliza: nikitoa chumba kimoja cha duka kodi yake iende maktaba, nitaandikishana na nani? Nikashindwa kuwajibu. Andikeni jina hapo penye mpokeaji, nami nitawaleta ofisini kwenu.

Kwa upande wenu ahadi ni moja, lakini ni nzito. Mishahara ya wakutubi, umeme, maji na mlinzi vitoke kwenye bajeti ya kaunti, na fungu hilo lisipunguzwe kwa sababu watu wameanza kuchanga. Hofu yangu kubwa ni hiyo, kwamba tutatoa mia, nanyi mtapunguza mia moja na kumi, kisha tutapigwa picha pamoja tukicheka.

Kuhusu picha, nina neno kwa wafanyabiashara pia, maana barua hii wataisoma. Wenye maghala, wenye meli na wenye hoteli hupenda kuja na ile cheki kubwa ya kadibodi. Waje nayo, wapigwe picha mpaka wachoke, sioni ubaya wowote. Sheria ya kodi ya mapato hata inawaruhusu kuukata mchango wa fedha kwenye hesabu kabla ya kodi, mradi taasisi inayopokea iwe imesajiliwa na kutambuliwa kuwa ya hisani, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na mpokeaji mwenye karatasi zilizonyooka. Lakini wekeni sharti: atakayeleta kompyuta kumi alete na fungu la kuzitengeneza, na atakayejenga chumba aweke kitu cha kukipaka rangi baada ya miaka mitano. Chumvi ya bahari haijali jina la nani liko ukutani.

Tena msikubali kila kitu. Niliwahi kutoa bandarini kontena la futi 20 la vitabu vya msaada. Barua ya msamaha wa kodi ilichelewa, storeji ikapanda, demareji, faini ya kuchelewesha kontena, ikafuata, mpokeaji akakimbia simu zangu. Tulipolifungua hatimaye, karibu nusu ilikuwa miongozo ya programu za kompyuta zilizokwisha kufa na vitabu vya kupanda maua katika nchi ya theluji. Kwa pesa zilizokwenda kwenye storeji peke yake ningejaza rafu kadhaa kwa hadithi za watoto za Kiswahili kutoka duka la vitabu, hata ukiongeza ile asilimia 16 ambayo Sheria ya VAT ya 2013 iliviwekea vitabu. Maktaba inayojiheshimu hutoa orodha ya inavyovitaka, na ina ulimi wa kusema hapana, ahsante.

Na inavyovitaka si vitabu tu. Nendeni maktaba yoyote ya umma mitihani ya kidato cha nne ikikaribia, mtazame mezani. Wengi wamekuja na vitabu vyao wenyewe. Walichofuata ni kiti, taa, feni na kimya. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ina familia sita na redio sita, na mtoto wa mle ndani akifika saa moja ya usiku hana pa kuinamia daftari. Kufunga maktaba saa kumi na moja jioni ni kumfungia yeye hasa, maana mchana kutwa alikuwa shuleni. Kwa msichana ongezeni choo safi chenye komeo na taa ya njiani hadi stejini. Mtoto wa Likoni avuke feri kwanza, wa Jomvu apande matatu mbili. Tuna vituo vya kijamii na kumbi za wadi ambazo wiki nzima zinakaliwa na viti vya plastiki vilivyopangwa: tawi dogo la maktaba linaweza kuanza humo, kabati mbili na mkutubi mmoja. Nairobi wametangulia. Mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017, wakaandikiana na kaunti yao, wakachangisha, na maktaba za Kaloleni na Makadara zikakarabatiwa. Makadara ya Nairobi, si yetu. Mnaona kilichotangulia pale: makubaliano kwenye karatasi, ndipo pesa.

Kuna sadaka nyingine ambayo haina bei, na hii ndiyo inayoninyima usingizi. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake katika mji huu zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, na watu wakayashika kwa vichwa. Aliyeyakusanya yasipotee ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa hapa hapa, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Makaratasi ya Taylor leo yako London, chuoni SOAS. Yametunzwa vizuri na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba nikijiuliza kama Mwalimu Sikujua angekuwa hai leo, na daftari lake kwapani, angelipeleka wapi hapa Mombasa, jibu linalonijia ni chini ya ngazi. Makasha ya Mji wa Kale, Kibokoni na Kuze bado yana tenzi, barua za jahazi, vitabu vya tiba na vya nyota, kwa hati ya Kiarabu na lugha ya Kimvita. Mchwa hawaulizi kama ni tenzi au karatasi ya sukari. Wenyewe hawatavitoa kwa mtu asiyeweza kuwaonyesha chumba kikavu, kufuli, na daftari lenye saini mbili. Wengine hawatavitoa kabisa, lakini watakubali vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kisha virudi kashani. Chumba kimoja cha namna hiyo ndani ya maktaba ya umma, ambacho mjukuu wa mwenye kasha anaweza kuingia bila kujieleza, kitawaletea vitu ambavyo hamtavipata kwa zabuni yoyote.

Kalenda ya bajeti mnaijua: makadirio yanatakiwa yafike Bunge la Kaunti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kanuni za mfuko hazihitaji kurasa mia. Nimeandika rasimu ya kurasa nne kwa mkono wangu, na mjukuu wangu ameipiga chapa. Nitaileta mtakaponiita.

Katoni za marehemu ziko sebuleni kwangu, chini ya televisheni. Ile iliyolowa niliianika juani siku tatu, vitabu vimepinda lakini vinasomeka. Mke wangu amesema Ramadhani ikikaribia anataka sebule yake. Nimemwomba asubiri nione kwanza makadirio ya Aprili. Mkiwa na daftari na kalamu, nitakuja nazo kwa tuktuk, na safari hii nitasimama pale pale mpaka nipewe risiti.

Wenu,
Karani mstaafu wa klaringi,
Kisauni, Mombasa